Kwa daktari Kiingereza kinanikimbia, na mkalimani wangu ni binti yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 54. Nimeishi ugenini miaka tisa, kwenye nchi ambako kila kitu ni Kiingereza, na Kiingereza ninacho. Kazini nasimamia watu kumi na wawili. Napokea mizigo, nasaini makaratasi, nabishana na madereva na siku nyingine nawashinda. Lakini nikishakaa mbele ya daktari maneno yote yanayeyuka, linabaki moja tu: "Yes". Yes, Doctor. Yes, Doctor. Natoka nje sijui nimekubali nini.

Nikupe mifano usije ukadhani natia chumvi. Nina presha tangu kabla sijahama. Siku ya kwanza kliniki, muuguzi aliponiuliza kama nina ugonjwa wowote wa siku zote, nikamwambia, "I have pressure." Akanitazama kwa huruma, akauliza kama ni ya kazini au ya nyumbani. Nikamjibu "everywhere", maana presha haichagui mahali. Akanipima, namba zikawa nzuri kwa sababu ya vidonge vyangu ambavyo huwa naletewa na jamaa wanaosafiri, basi akazidi kuamini ni mawazo tu. Nikarudi nyumbani na kijitabu kinachofundisha kuvuta pumzi taratibu.

La pili naona haya hata kuliandika. Miezi sita sasa naamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Nikifika chooni nasimama nangoja. Ikitoka, inatoka kwa kusuasua. Nikajikaza nikaenda. Daktari, kijana mpole, akaniuliza, "Any trouble with the waterworks?" Mimi nikakumbuka bomba la jikoni lililokuwa likivuja, nikamjibu kwa furaha, "No, the landlord fixed it." Akacheka sana, nami nikacheka. Yeye alidhani nimefanya mzaha, mimi nilidhani tunajuliana hali. Muda wangu ukaisha.

Mara ya tatu nikamchukua binti yangu wa miaka 13, Kiingereza amekua nacho. Daktari akauliza swali moja, mtoto akanyamaza, akatazama sakafu, kisha akaniambia, "Baba, anauliza kama uko sawa." Nikasema niko sawa. Akamjibu daktari, "He's fine." Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Usiku mama yake alipomdadisi ndipo tukajua daktari alikuwa ameuliza kuhusu mambo ya chumbani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mke wangu anataka niombe mkalimani. Mimi sitaki. Watu wetu huku ni wachache na tunajuana wote. Nikisema leo, kesho habari zangu ziko msibani. Rafiki yangu anasema nitumie simu, inatafsiri kila kitu. Nimenunua pia kamusi nene ya maneno ya tiba, nimefika herufi C na sijaona neno hata moja linalonihusu.

Nianzie wapi, Shangazi?

Wako, Bwana "Yes, Doctor"

*

Marahaba, ndugu yangu.

Nianzie kwenye mkojo, lugha itasubiri. Omba miadi mpya wiki hii, na ukiingia usingoje kuulizwa. Sema au mpe karatasi iliyoandikwa hivi: "I wake up four or five times every night to pass urine. It is slow to start and the flow is weak. It has been like this for six months." Hayo ni maneno ya mtoto wa shule, na daktari hahitaji makubwa zaidi. Kwa wanaume waliovuka hamsini mara nyingi chanzo ni tezi dume iliyokua bila saratani yoyote, ikabana njia ya mkojo. Lakini sukari nayo huamsha watu usiku, na zipo dawa za presha zinazoongeza mkojo. Daktari wako hawezi kuyatenganisha haya kwa sababu mpaka leo hajui kama una presha, wala hajui unameza vidonge. Vipeleke na maboksi yake, umwekee mezani. Ukiona damu kwenye mkojo, piga simu siku hiyo hiyo. Na ukifika mahali mkojo umekataa kabisa na tumbo la chini limejaa, nenda dharura saa hiyo hiyo, useme, "I cannot pass urine at all."

Sasa lugha. Kabla ya kuanza kujibu barua hizi nilikuwa mkalimani wa hospitali, na watu kama wewe niliwaona kila wiki. Wenye shida kubwa hawakuwa wale wasiojua Kiingereza kabisa. Hao kila mtu aliona wanahitaji msaada, akaitwa mtu. Walioumia ni wenye Kiingereza cha kazini, kinachotosha kumfanya daktari aamini kwamba ameeleweka. Wewe hukuugua kwa Kiingereza utotoni, hakuna aliyekubembeleza kwa Kiingereza ukiwa na homa. Maneno hayo utayatoa wapi, kwenye makaratasi ya mizigo?

Kosa lako ni la karibu kila Mswahili: unatafsiri jina la ugonjwa. Majina yetu ya magonjwa hayatafsiriki, yanabadilishwa mzima mzima au yanaachwa. Presha kwao ni "high blood pressure". "Pressure" peke yake ni kubanwa na maisha, ndiyo maana ukapewa kijitabu. Anayesema "I have sugar" atadhaniwa anayo kwenye kabati. Sukari ni "diabetes". Kifua kikuu si kifua chochote kikubwa, ni "tuberculosis" au "TB". Mkanda wa jeshi ni "shingles". Nilimsikia mzee mmoja akiufasiri neno kwa neno, na daktari akamuuliza alipigana vita gani. Baridi yabisi huwezi kuieleza kwa baridi wala kwa ukavu, ni "arthritis" au "rheumatism", na hapo tayari maneno ni mawili kwa sababu sisi tumeyafunga pamoja. Homa ya ini ni "hepatitis", homa ya matumbo ni "typhoid". Na yule mama aliyesema mwanawe aliwahi kuugua "smallpox" alikuwa na maana ya tetekuwanga, yaani "chickenpox". Alichotaja ni ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Nesi alishika simu kabla sijafungua mdomo.

Kama jina la Kiingereza una hakika nalo, litaje. Kama huna, achana na majina kabisa, simulia kinachotokea mwilini: nini, wapi, tangu lini, kinakuja vipi, kinaondoka vipi. Mimi hata kwa mtu aliyesoma namshauri hivyo, maana mgonjwa akileta jina, daktari anaweza kulishika jina akamwacha mgonjwa. Kuna kisa cha Florida, mwaka 1980, kinachofundishwa kwa wakalimani wa tiba karibu kila mahali. Kijana wa miaka 18 aliletwa hospitali hana fahamu, na ndugu zake wanaosema Kihispania wakamweleza daktari kwamba yuko "intoxicado". Kwao neno hilo ni mtu aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa. Hospitali ikasikia "intoxicated", ikamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alibaki amepooza mikono na miguu yote, na malipo ya kesi yakafika kama dola milioni 71. Ukitazama vizuri, hata ndugu walikuwa wamekosea, haikuwa chakula. Walileta jina badala ya habari, na jina likatafsiriwa vibaya.

Nije kwenye "Yes" yako, kwa sababu hatari yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Kiswahili kinakubaliana na kauli. Mtu akikuuliza, "Hutumii dawa nyingine?", nawe hutumii, unajibu "Ndiyo", yaani ndiyo hivyo, situmii. Mwingereza akiuliza "You're not taking anything else?" anatarajia "No, I'm not." Ukimpa "Yes" hajui umesema unatumia au hutumii, na daktari mwenye haraka ataandika analolitarajia. Mzio huulizwa hivyo hivyo: "No allergies?" Kwa hiyo kwenye chumba kile ifungie hiyo "Yes" nje. Jibu kwa sentensi: "I take", "I don't take", "I am not allergic". Na pale ambapo hukuelewa kitu, sema, "Sorry, what does that mean?" Daktari hatashangaa. "Waterworks" ni neno la heshima la Waingereza kwa njia ya mkojo, sawa na sisi tunavyosema haja ndogo. Ulimficha, naye alikuficha, mkaishia kwenye bomba. Wanayo mengine kama hilo. "Bowels" wanaulizia choo kikubwa. "Stool sample" si kigoda, ni choo cha kupimwa. "Discharge" ni uchafu unaotoka mahali, na pia ni kuruhusiwa kwenda nyumbani. Angalia sentensi nzima kabla hujafurahi.

Mwili wenyewe tumeugawa tofauti. Mguu wetu unaanzia nyonga unaishia unyayoni. Wao wana "leg" na "foot", kama wana "arm" na "hand" kwa mkono wetu mmoja. Kidole cha mguu ni "toe", na "finger" ni cha mkononi tu. Tumbo ndilo baya zaidi, maana ndani ya neno hilo sisi tumeweka mfuko wa chakula, utumbo, kibofu, hata mimba. Dawa yake ni rahisi: weka kidole kimoja panapouma, sema "here". Kifua nacho kina mtego. "Nina kifua" tunasema tukikohoa, lakini ukimwambia mtu wa mapokezi "chest pain" atafikiria moyo, na ana haki. Kama ni kikohozi sema "cough". Kama kifua kinauma kweli, hasa maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, hapo sema "chest pain" kwa sauti, usiombe radhi.

Maumivu nayo wanayapanga. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha orodha ya maneno 78 ya Kiingereza ya kuelezea maumivu, katika makundi 20. Huhitaji yote, yakikufikia matano umepona. Kupwita ni "throbbing". Kunyonga kwa tumbo ni "cramping". Kuuma kwa chini chini kusikokwisha ni "a dull ache". Kuchoma ndiko kunakotuponza, maana kwa Kiswahili moto unachoma na kisu kinachoma. Kwa Kiingereza moto ni "burning", kisu ni "stabbing", na kwa daktari hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Mkojo ukikuchoma ni "burning". Na utaona kwetu kichwa ndicho kinachofanya kazi, kinaniuma. Kwao ni mali yako, "I have a headache". Ukisema "my head is paining me" utaeleweka, usijali sana.

Maneno mawili ya kuchunga. Kwa Mwingereza "I was sick last night" mara nyingi maana yake ni nilitapika, si niliumwa. Kwa Mmarekani ni kuumwa tu. Basi sema "I vomited" au "I felt unwell". Na dawa zako ziite "medicines" au "tablets". "Drugs" daktari atakuelewa, lakini mtu wa kwenye foleni nyuma yako atakutazama vibaya.

Halafu saa. Hili nimeliona likimwangusha mwalimu wa chuo kikuu, sembuse sisi. Unaambiwa miadi ni "at eight", kichwa chako kinajua ni saa mbili, lakini kwa uchovu mkono unaandika saa nane, unafika mchana wakati watu wamekusubiri asubuhi. Vidonge pia: kutwa mara tatu ni "three times a day", ila akikupangia saa, mwombe aandike kwa tarakimu, na wewe kwenye karatasi yako usitie saa za Kiswahili kabisa. Ukiumwa tangu juzi, taja siku, "since Monday".

Majina ya dawa nayo yana mambo yake. Parasetamoli wanayoiita "paracetamol" Waingereza ndiyo "acetaminophen" ya Wamarekani. Mtu akimeza ya hapa na nyingine aliyoletewa na msafiri, akidhani ni mbili tofauti, anazidisha kipimo na ini ndilo linaloumia. Nakutajia wewe hasa kwa sababu una wasafiri. Na dawa za mafua za dukani, baadhi yake hubana njia ya mkojo kwa mwenye tezi dume iliyokua. Muulize mfamasia kabla hujanunua.

Binti yako asirudi tena kwenye kile chumba. Huo si uamuzi wangu peke yangu. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu haziruhusiwi kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura wakati anatafutwa mkalimani mwenye sifa, na mkalimani humlipi wewe. Uingereza pia huduma ya afya ya taifa inatoa mkalimani bila malipo. Yule mtoto hakukudanganya. Alipewa swali ambalo hakuna mtoto wetu anayeweza kumuuliza baba yake, akalifunika kwa heshima. Lakini jibu lililoandikwa kwenye faili ni "hana tatizo", na hilo inabidi ukalisahihishe mwenyewe.

Habari zako msibani hazitafika. Kuwa na hofu ni haki yako, niliifahamu hofu hiyo kwa macho ya wagonjwa waliponiona naingia, wakitafuta nafanana na nani. Kwa hiyo omba mkalimani wa simu. Anakaa mji mwingine, hakuoni, na unaweza kuomba asitajiwe jina lako. Unaweza pia kuomba mwanamume. Anafungwa na masharti ya kutunza siri kama daktari, na mkalimani anayetoa siri anaweza kupoteza kazi. Ombi lenyewe ni hili, na ulitoe unapopiga simu ya miadi, si ukishafika: "I need a Swahili interpreter by phone, a man if possible." Mtu wa mapokezi akikuambia mbona Kiingereza chako ni kizuri, sema asante, rudia sentensi ile ile.

Programu ya simu itumie kuuliza lifti iko wapi. "Tumbo linanikata" iliwahi kunitolea jambo la visu, nikajiuliza mgonjwa angefungiwa wodi gani.

Ukimaliza, kabla hujainuka, rudia kwa maneno yako ulichoelewa: "So I take one in the morning, and I come back in two weeks. Correct?" Wauguzi wazuri hulifanya hili wenyewe. Na siku ukiona faili lako limeandikwa "patient denies" hiki na kile, usikasirike kwamba umeitwa mkanaji. Ni lugha yao ya kusema mgonjwa amesema hana. "Complains of" nayo haimaanishi umelalamika. Na "negative" kwenye majibu ya kipimo mara nyingi ni habari njema, ingawa sikio linaisikia vibaya.

Kamusi irudishe dukani kama risiti ipo. Nunua daftari dogo, uandike presha yako, majina ya vidonge kama yalivyo kwenye boksi, na zile sentensi tatu za mkojo. Ya nne ongeza hii, maana ndiyo iliyobaki kwa binti yako: "Last time my daughter was interpreting. I would like to answer that question again."

Na jioni hii, kabla ya kupiga simu kliniki, kaa na mtoto umwombe radhi. Atakuambia si kitu. Mwambie hata hivyo.

Shangazi